Picha za zamani za Mji Mkongwe: kapsheni inasema hivi, ukuta unasema vile

Grupu gani la WhatsApp la Wazanzibari halijarushiwa ile picha ya Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, nyeusi na nyeupe, chini imeandikwa "Unguja mwaka 1840" na watu wanamiminika mashallah mashallah. 1840 jamani! Kamera yenyewe imetangazwa Paris 1839, na hilo jumba kubwa linaloonekana pichani, Beit al Ajaib, kalijenga Sultan Barghash 1883. Sasa nani kapiga hiyo picha, jini?

Ukitaka kujua picha ya Unguja ni ya lini achana na kapsheni, angalia kilichomo ndani. Haya hapa chini ni madai yanayozunguka na picha hizo, tuyapitie moja moja.

"Beit al Ajaib ilikuwa na ule mnara wa saa tokea siku ya kwanza"

Hapana. Kuna picha mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, huo ulikuwa mnara wa taa, ukiuona ujue picha imepigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Asubuhi ile Waingereza waliipiga mizinga kasri sababu Khalid bin Barghash kakalia kiti cha usultani bila ridhaa yao, vita havikufika hata saa nzima, mnara wa taa ukaharibika na Beit al Hukm, jumba jingine la masultani lililokuwa jirani, ikawa kifusi. Mnara wa saa kwenye uso wa Beit al Ajaib umekuja baada ya hapo. Na wale wanaosema Waingereza ndo walioibomoa Beit al Ajaib nao wanachanganya mambo, jumba lile lilipona 1896, lililoangusha ile sehemu kubwa ni uchakavu, tarehe 25 Disemba 2020, tena likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki.

"Ile picha ya treni ni edit"

Sio edit. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza 1905, kama kilomita 11 hivi, inaanzia pale karibu na Ngome Kongwe na kupita mitaani kabisa, mtu angeweza kugusa behewa kutoka barazani kwake. Miaka ya 1920 ikafa. Kwa hiyo picha yenye reli hiyo umeshapata miaka yake, huna haja ya kumuuliza mtu.

"Forodhani imekuwa bustani tokea enzi za masultani wa mwanzo"

Ile ilikuwa bandari bwana, mabanda ya forodha na mizigo. Bustani imetengenezwa miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultan Khalifa, shughuli za bandari zilipokuwa zimeshahamia Malindi (mtaa wa hapa hapa mjini Unguja, sio ile ya Kenya). Urojo na mishikaki imekuta nafasi tayari.

"Mji Mkongwe ni wa mawe miaka elfu, na Ng'ambo ilikuwa pori na vibanda tu"

Hii ndo inayoniudhi. Ngome ni kongwe kweli, Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwisho wa karne ya 17, lakini majumba mengi ya ghorofa unayoyaona ni ya karne ya 19, baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja. Na hata hiyo karne ya 19 nyumba za makuti zilikuwemo humo humo Mji Mkongwe, zimebanana na majumba ya mawe. Upande wa pili Ng'ambo nako kulikuwa na nyumba za mawe na misikiti. Kati ya pande mbili kulikuwa na maji, bahari inaingia mpaka Darajani, maji yakijaa mji unakaribia kuwa kisiwa, pakafukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950 ikawa barabara. Ukiona picha ina vyombo vya baharini halafu nyuma yake soko la Darajani (la 1904 lile) usiandike "bandari ya Malindi".

Halafu mafleti ya Michenzani, huko huko Ng'ambo. Wengine watakwambia kajenga Mrusi, wengine Mchina. Ni Wajerumani Mashariki waliosaidia baada ya Mapinduzi, walianza na fleti za Kikwajuni na Kilimani kisha yakaja yale mafleti marefu ya Michenzani, na pale hapakuwa uwanja mtupu, palikuwa na mitaa ya watu imejaa ikavunjwa. Picha za mitaa ile ni chache na sababu ni biashara, wapiga picha kina A.C. Gomes na Coutinho walikuwa wanauza postikadi kwa abiria wa meli, na abiria anataka kasri na bahari, nani atanunua picha ya uchochoro wa Ng'ambo?

"Watu wenye minyororo pichani ni watumwa wa soko la Mkunazini"

Hapa twende taratibu maana ni machungu ya kweli. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliousaini Barghash, na kanisa la Kianglikana la Askofu Steere likaanza kujengwa pale pale mwisho wa mwaka ule ule. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897, kwa hiyo kufungwa soko sio mwisho wa mateso. Lakini postikadi za mwanzo wa karne ya 20 haziwezi kuwa za soko lile, na kuna picha ambazo ni wafungwa wa serikali wanafanyishwa kazi barabarani. Hata vile vyumba vya chini anavyoonyeshwa mgeni kuwa vya kufungia watumwa, wapo wanahistoria wanaosema vimejengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Ukatili ulikuwepo, hauhitaji kapsheni ya kubuni.

"Misumari ya shaba kwenye milango ni ya kuzuia tembo"

Tembo Unguja? Mtindo ule umetoka India, huku ni pambo na kuonyesha uwezo. Na milango yenyewe inauzwa, inang'olewa nyumba hii inapachikwa ile, kwa hiyo hata ukijua mlango wa pichani ni wa zamani kiasi gani, bado nyumba hujaijua.