Nyimbo za Mihashi Michiya Si Urithi wa Kale

Wengi wanaomsikia kwa mara ya kwanza Mihashi Michiya, mwimbaji wa Kijapani aliyezaliwa Hokkaido mwaka 1930, huamini kwamba nyimbo zake maarufu ni za jadi, zilizorithishwa na wakulima kwa karne nyingi. Dhana hiyo si sahihi, ingawa chanzo chake kinaeleweka: Mihashi alikulia katika min'yo, nyimbo za asili za Japani, na alikuwa mpigaji hodari wa shamisen, ala ya nyuzi tatu. Hata hivyo, "Ringo Mura kara" ya mwaka 1956 na "Kojo" ya mwaka 1959 zilitungwa na watunzi wa kisasa na kutolewa kwenye santuri na kampuni ya King Records.

Wimbo wa kwanza unamhusu mtu aliyebaki kijijini, ambaye kila anapoona matofaa mekundu yakisafirishwa kwenda mji mkuu huumia kwa kumkumbuka aliyeondoka na kuacha kuandika barua. Hayo ni maisha ya miaka ya 1950 hasa, vijana wa mashambani walipokuwa wakihamia Tokyo kwa wingi kutafuta kazi. Hata jina la enka, linalotumika leo kwa nyimbo za Kijapani za huzuni na kumbukumbu kama hizi, lilikuja kuzoeleka baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kilicho cha jadi kweli, na ndicho kinachonigusa zaidi, ni kobushi, ule ustadi wa kuizungusha sauti ndani ya silabi moja, ambao Mihashi aliutoa kwenye min'yo na kuuweka juu ya okestra yenye ala za Magharibi.