Kupanga matunzo mapema: maana yake kwa wazee wa jamii za wachache Uingereza

Kupanga matunzo mapema ni mtu kueleza, angali na akili zake timamu, angependa atibiwe na atunzwe vipi siku ambayo hataweza tena kujisemea, kwa mfano akipatwa na kiharusi au ugonjwa wa kusahau. Si wosia wa mali. Wosia hufunguliwa mwenyewe akishazikwa. Mpango huu unamhusu akiwa bado anapumua.

Uingereza ni mfano mzuri, kwa sababu wahamiaji wa kizazi cha kwanza sasa wamezeeka huko: watu wa visiwa vya Karibi waliofika tangu meli ya Windrush ilipotia nanga mwaka 1948, Wapakistani, Wabangladeshi, Wasomali, na Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambao wengi walihamia Leicester na wapo wanaozungumza Kiswahili hadi leo.

Katika familia nyingi za aina hii, kila mtu anajua nani atasema mama akizidiwa. Ni kifungua mimba, au mjomba, au watoto wote watakaa kikao. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kwa sheria ya England na Wales, kuwa mtoto au mume wa mgonjwa hakukupi mamlaka ya kukubali wala kukataa matibabu kwa niaba yake. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inamtaka daktari aulize ndugu mgonjwa alipenda nini, kisha uamuzi ufuate maslahi ya mgonjwa. Ndugu wanasikilizwa, lakini neno la mwisho si lao. Nimeona watu wazima wakikataa kabisa kuamini jambo hili mpaka yawafike.

Anayetaka mwanawe awe na sauti kisheria humwandikia hati ya uwakala wa kudumu wa afya na ustawi. Lazima aiandike akili ikiwa bado timamu, na isajiliwe kwenye ofisi ya serikali iitwayo Ofisi ya Mlinzi wa Umma kabla haijatumika. Ndani yake kuna sehemu ya kuchagua kama wakala ataamua pia kuhusu matibabu ya kuokoa maisha, au hayo yabaki kwa madaktari. Watu huiruka haraka, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

Ipo pia hati ya kukataa matibabu fulani. Ikigusa matibabu ya kuokoa maisha, ni lazima iwe ya maandishi, iwe na sahihi ya mwenyewe na ya shahidi, na iseme wazi kwamba msimamo ni huohuo hata uhai ukiwa hatarini. Ikitimiza masharti, daktari anafungwa nayo. Kinyume chake hakuna: huwezi kuandika hati ya kumlazimisha daktari akupe tiba anayoona haifai.

Kwa nini wazee wa jamii hizi huachwa nyuma? Kwanza, kutaja kifo mbele ya mzee ni uchuro, na mtoto anayeleta fomu huonekana ana haraka ya kurithi. Lipo na suala la imani: mauti yamo mikononi mwa Mungu, tupange nini? Kwangu mimi kikwazo kikubwa zaidi ni ukalimani. Daktari anasema, “Ugonjwa huu hautapona, tungependa kujua unataka nini.” Binti anamgeukia mama: “Daktari anasema upumzike, dawa zitafanya kazi.” Amefanya hivyo kwa huruma, lakini mama hajaulizwa chochote. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, hutoa mkalimani bila malipo. Aombwe, na binti abaki kuwa binti.

Halafu kuna hofu ya kutelekezwa mtu akiwekewa agizo la kutojaribu kuuamsha moyo uliosimama. Agizo hilo linahusu kitendo hicho kimoja tu. Dawa, chakula na matibabu mengine vinaendelea. Ni daktari anayeliamua, ila tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Tracey mwaka 2014, kwa kawaida hana budi kuzungumza na mgonjwa kwanza. Wakati wa Uviko-19 yalizuka malalamiko kwamba maagizo hayo yaliwekwa bila wahusika kushirikishwa, na mwaka 2021 tume inayosimamia ubora wa huduma ilitoa ripoti yenye wasiwasi huohuo. Mzee anayeshuku karatasi za hospitali hajashuku bure.

Ndiyo maana ni afadhali kuanza na maelezo ya matakwa, ambayo hayamfungi daktari lakini ni lazima yazingatiwe. Hapa mzee husema mambo anayoyajua: aogeshwe na mwanamke, asaidiwe kutawadha, chakula kiwe halali, asipelekwe makao ya wazee kama nyumbani panawezekana, shekhe au padri aitwe mapema. Nakala moja iende kwa daktari wa familia, nyingine ikae kwa yule atakayepigiwa simu usiku.