Macho ya njano na vidonge vya manjano

Mimi ni mfamasia hapa Mombasa. Juzi mama mmoja alifungua kitambaa juu ya kaunta, ndani mkiwa na vipande vya manjano mabichi kutoka Marikiti, kucha zake tayari zimeshika rangi kwa kuyamenya. "Mwanangu, baba watoto macho yamekuwa ya njano. Nimpe kiasi gani?"

Kabla ya kiasi, mama, tujue sababu. Umanjano wa macho ni dalili tu: bilirubini, rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjwa, imezidi mwilini, ama kwa kuwa ini limeshindwa kuiondoa, ama mfereji wa nyongo umeziba, ama damu inavunjwa kupita kiasi, kama inavyotokea katika malaria kali. Kila sababu ina tiba yake.

Manjano ya mchuzini siyaogopi hata kidogo. Kukumini, kemikali iliyomo inayoyapa rangi, hupunguza uvimbe katika majaribio ya maabara, na kwa watu wenye mafuta kwenye ini tafiti kadhaa, nyingi zikiwa ndogo na za muda mfupi, zimeonyesha vimeng'enya vya ini, vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, vikishuka kiasi. Lakini mwili huifyonza kwa shida, na ndiyo sababu wenye kutengeneza vidonge huikoleza na kuichanganya na piperini ya pilipili manga ili iingie kwa wingi kwenye damu. Hapo ni dawa, si kiungo tena. Watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumia ini kwa manjano kati ya mwaka 2004 na 2022. Watano walilazwa, mmoja akafariki, na 7 kati ya hao 10 walikuwa na jeni ya kinga ya mwili ya aina moja, HLA-B*35:01.

Silimarini nayo, dawa ya ini itokanayo na mbegu za mmea uitwao milk thistle, husifiwa sana. Ulaya, silibinini iliyomo hutiwa mshipani kwa waliokula uyoga wenye sumu; ila jaribio lililochapishwa mwaka 2012, kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini C, halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa.

Nilimwomba mama ampeleke mumewe hospitali siku ile ile, abebe na kila kasha la vidonge na kila chupa ya dawa ya miti aliyokunywa, hata ile aliyopewa na jirani, kwa sababu ini lililoumizwa na dawa laweza kufanana kabisa na lililoumizwa na virusi.