Je, wajua kwa nini chumba cha projekta kilijengwa kwa kuta nene?

Watu wa Mombasa waliokulia katika majumba ya sinema ya katikati ya mji, kama vile Regal, Majestic na Naaz, wanakijua kile kidirisha cha juu, nyuma ya viti, ambamo mwanga ulitokea kwenda kwenye skrini. Wengi huamini kwamba kuta nene za chumba kilichokuwa nyuma yake zilikusudiwa kuzuia kelele za mashine. Kelele zilizuiwa kweli, lakini hiyo siyo sababu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1909 ilikwisha kudai projekta itengwe ndani ya kizuizi kisichoshika moto, na wakati huo filamu hazikuwa na sauti. Mazungumzo yalikuja kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kilichoogopwa ni mkanda wenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda mingi ya milimita 35 ilitengenezwa kwa selulosi nitrati, kemikali ya ukoo mmoja na baruti isiyo na moshi. Moto wa kuni hutegemea hewa, kwa hiyo ukifunikwa hufa. Nitrati ni kama msafiri aliyefungasha masurufu yake yote kabla ya kuondoka: hamwombi mwenyeji chakula, na kumfungia mlango hakumtii njaa. Blanketi na mchanga ni milango iliyofungwa tu, kwa maana oksijeni imo ndani ya molekuli zake, na mkanda ulioshika moto huendelea kuwaka hata ukizamishwa majini. Usalama ulitegemea mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Mkanda ukikwama mbele ya taa kali ya kaboni, uliweza kuwaka mara moja.

Kwa kuwa moto huo haukuzimika, wajenzi waliuzingira mpaka ujimalize. Vizibo vya chuma vilining'inizwa juu ya vidirisha, mara nyingi kwa kiungo cha madini kinachoyeyuka upesi, ili joto likipanda vianguke vyenyewe, na bomba likapeleka moshi nje. Moshi huo ni sumu kali: mjini Cleveland, Marekani, tarehe 15 Mei 1929, picha za eksirei za nitrati ziliungua hospitalini, watu zaidi ya 120 wakafa, wengi wao kwa gesi.

Hata hivyo, si kila maafa ya sinema yalitokana na mkanda. Moto wa Paris wa tarehe 4 Mei 1897, ambao nao uliua watu zaidi ya 120, hutajwa mara nyingi kuwa ni wa nitrati, ilhali ulianzia kwenye mvuke wa etha, kimiminika chepesi kuwaka kilichotumika katika taa ya projekta. Vilevile, kuta nene pekee hazithibitishi kwamba jumba fulani liliwahi kuonyesha mikanda ya nitrati. Kodak ilileta mkanda salama wa sinema wa triasetati, plastiki isiyoshika moto upesi, mwaka 1948, lakini taa za kaboni ziliendelea kutoa joto kali kwa miaka mingi baadaye, na chumba kile kile kikaendelea kujengwa.