Testosteroni si ya madume peke yake

Barazani hapa Lamu wengi huamini testosteroni ni homoni ya madume tu. Imani hiyo ina chanzo: madume wanayo kwa wingi zaidi.

Lakini itazame ovari, yaani kiungo cha mayai, ya panya jike, hata huyu wa kwenye boriti zetu. Kila kifuko cha yai kina matabaka ya seli. Za nje hutengeneza homoni za jamii ya testosteroni. Za ndani, zinazolizunguka yai, huzipokea na kuzigeuza estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike, nayo estrojeni huzichochea seli hizohizo ziongezeke. Mzunguko mzima wa uzazi wa panya huyo huchukua siku 4 au 5. Ajabu kweli!

Ukitaka kuhakikisha, fungua kitabu cha baiolojia cha chuo, ufuate mishale kwenye mchoro wa homoni. Na ukikutana na dai lolote, uliza: limepimwa kwa panya au kwa binadamu?