Kipaumbele kwenye swichi: kwa nini umekiweka na simu bado zinakatika

"Washa QoS, mtandao utakwenda kasi." Dhana hii kuhusu QoS, yaani mpangilio wa kipaumbele kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi), naisikia kuliko zote, na imewapotezea muda mafundi wengi. Kipaumbele hakiongezi kasi hata kidogo. Poti ya kutokea (tundu la kebo ambako data inatoka) ikiwa na nafasi, kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inapita papo hapo. Foleni haipo, kwa hiyo hakuna wa kumtanguliza. Kazi inaanza poti ikielemewa, na hapo swali ni nani asubiri, na nafasi ikiisha, pakiti za nani zitupwe.

Ndiyo maana naanza kwa kutafuta foleni iko wapi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya ghorofa mbili ambako simu za mezani, zinazopita kwenye mtandao ule ule wa kompyuta, zilikuwa zinakatikakatika kila siku kuanzia saa 10 jioni. Kipaumbele kilikuwa kimeshawekwa, tena cha juu, kwenye kila poti. Nikafungua takwimu za poti moja baada ya nyingine. Kwenye ile inayounganisha swichi ya juu na ya chini, hesabu ya pakiti zilizotupwa ilikuwa inapanda kila nikitazama upya, na kasi inasoma megabiti 100 kwa sekunde, ilhali swichi zote mbili ni za gigabiti 1. Waya mmoja ulikuwa umeachia kwenye kichwa cha kebo. Gigabiti kwenye kebo ya shaba inataka jozi zote 4 za nyaya. Megabiti 100 inatosheka na jozi 2, kwa hiyo swichi zilishuka kasi bila kumwambia mtu. Saa 10 ndipo kompyuta zilipoanza kupeleka nakala za hifadhi kwenye seva. Tukakata kile kichwa, tukabana kipya, na jioni ile ile simu zikatulia.

Lakini kwa nini kipaumbele hakikuziokoa? Hapa ipo dhana ya pili, kwamba kila kilicho muhimu kipewe daraja la juu. Poti zote zilipopewa daraja moja, sauti na nakala za hifadhi ziliwekwa foleni moja, ni kama hakuna kilichofanyika. Sauti yenyewe inahitaji kidogo sana: simu moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data) haifiki kilobiti 90 kwa sekunde, kwa hiyo simu 30 kwa pamoja hazimalizi megabiti 3. Hizo ndizo za kuweka kwenye foleni inayohudumiwa kwanza kabisa. Ukiingiza humo na kamera za ulinzi, foleni nyingine zinaweza kukosa zamu, kwa sababu swichi hairudi kwao mpaka ile ya juu iwe tupu. Kamera zipe foleni ya mgawo wa uzito, ambako kila foleni inapata sehemu yake ya zamu, na foleni ya juu iwekee kikomo kama swichi yako inaruhusu.

Wengine, hasa Dar es Salaam, hufananisha kipaumbele na njia ya mwendokasi. Mfano huo unapotosha. Njia ya mwendokasi inabaki tupu basi lisipokuwepo, magari mengine yakitazama tu. Kwenye swichi, kwa kawaida, sauti ikinyamaza data nyingine zinatumia nafasi yote.

"Simu imeshaweka alama yake, inatosha." Haitoshi. Simu nyingi zinatia alama ya DSCP 46 (namba ya kipaumbele, 46 ikiwa ya sauti) kwenye pakiti za sauti, ila swichi lazima iambiwe kuiamini. Kwenye swichi za Cisco Catalyst 2960 za zamani, ukiwasha QoS kwa amri ya mls qos ukaishia hapo, poti haziamini chochote na alama zote zinarudishwa kuwa 0. Yaani umeiharibu kuliko ulivyoikuta. Amini simu, lakini usiiamini kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu hiyo, maana programu yoyote inaweza kujitia 46.

Na alama nyingine ya kipaumbele, ya kiwango cha 802.1p, ile ya namba 0 hadi 7, inakaa ndani ya lebo ya VLAN (lebo inayoonyesha data ni ya sehemu ipi ya mtandao uliogawanywa). Fremu, yaani bahasha inayobeba pakiti kwenye kebo, ikitoka bila lebo, alama hiyo imebaki njiani. DSCP inaendelea kwa kuwa iko kwenye kichwa cha IP, sehemu ya mwanzo ya pakiti yenyewe. Halafu 1 si juu ya 0: kwa mpangilio wa kawaida wa kiwango hicho, 1 ni ya kazi za nyuma na iko chini ya 0. Wengi wameshusha walichotaka kupandisha.

Kuna pia ile fremu ya kusimamisha, ya kiwango cha 802.3x. Ikiwashwa, kifaa kilichoelemewa kinaiambia poti ya upande wa pili inyamaze, nayo inanyamaza yote, sauti ikiwemo. Kwenye poti zinazobeba simu mimi huizima.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ya mteja kununua swichi ya bei ghali kwa sababu intaneti imejaa. Foleni hiyo iko kwenye ruta na kwa mtoa huduma. Swichi haiwezi kuipanga. Kama laini ni ya megabiti 20 kwenda nje, ibane kwenye ruta hadi 18 hivi ili foleni ikae mikononi mwako, kisha panga kipaumbele hapo.

Ukimaliza, usijaribu asubuhi ofisi ikiwa tupu. Anzisha nakala ya faili kubwa kupita poti ileile yenye msongamano, piga simu, zungumza dakika 5, kisha soma pakiti zilizotupwa foleni kwa foleni. Ya sauti isome 0. Za faili zikipotea, ndivyo ulivyopanga.