"Haya ni mafua ya AC tu"

Juzi tena. Mteja kakaa mbele ya meza yangu hapa Mwenge, tishu mkononi, macho yanamtoka machozi, safari ya Rwanda imebaki siku nne. Namuuliza hali. "Aa dada, haya ni mafua ya AC tu." Jiji hili AC husingiziwa kila kitu. Katika kazi hii ya kukatia watu vibali vya kwenda kuwatazama gorila porini hakuna kauli inayonikera kama hiyo, maana aliyeisema anaamini kwamba dume la gorila la karibu kilo 200 haliwezi kudhuriwa na kamasi.

Linadhurika. Jeni zake na zetu zinafanana kwa asilimia 98 hivi, kwa hiyo kirusi kinachokuletea wewe chafya na glasi ya tangawizi humwingia yeye bila hodi, tena mwili wake haujakizoea. Mwaka 2009 kundi la gorila liitwalo Hirwa, kule Rwanda, liliugua kikohozi. Wawili wakafa, jike mmoja na mtoto, na uchunguzi ukakuta kirusi cha binadamu. Jike huzaa mara moja kwa miaka kama minne, sasa piga hesabu pengo hilo litazibwa lini. Hesabu iliyotangazwa 2019 ilikuta gorila wa milimani 1,063 tu, Rwanda, Uganda na Kongo kwa pamoja. Mabasi ishirini ya mikoani pale stendi ya Magufuli yangewatosha na viti vikabaki.

Ndiyo sababu ya barakoa, kukaa mita 10, watu wasiozidi 8 kwa kila kundi la gorila, na saa moja tu ya kuwatazama. Na zile dawa za kukausha mafua mnazomeza njiani zinaficha dalili tu, virusi bado unavitoa. Mzee mmoja alijazia kikohozi sharubati ya dawa tangu alfajiri. Saa moja asubuhi tuko Kinigi, pale wageni wanapokusanyika kabla ya kupanda, watu wanakunywa kahawa wakisubiri kupangiwa makundi, kikohozi kikamponyoka mbele ya askari wa hifadhi. Mkewe alipanda mlima, yeye akabaki kwenye benchi na kikombe chake. Aliponiona jioni hakunisalimia.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, ukipanda mwendokasi vaa barakoa, na mtoto wa shemeji anayekohoa mpende kwa mbali. Ukiumwa nipigie mapema nijaribu kuwaomba watu wa hifadhi watusogezee tarehe. Usinipigie ukiwa tayari Musanze, mlangoni mwa hifadhi.

Mengine ninayoambiwa hapa mezani niyapitie haraka. "Si sokwe tu, mbona Gombe tunao?" Wa Gombe na Mahale ni sokwemtu. Gorila ni mnyama mwingine, na Tanzania hatuna hata mmoja wa porini. Kiswahili chetu kimewatia kapu moja, lakini Mnyarwanda ukimwambia ingagi anajua unamsema nani.

"Anakula watu." Anakula majani, mashina na machipukizi ya mianzi, kutwa nzima. Dume likijipiga kifua, chuchumaa, tazama chini, msikilize kiongozi wako. Usikimbie.

"Kibali dola 1,500, hiyo ni ya Wazungu." Ni bei ya mgeni kwa upande wa Rwanda, kweli. Lakini Uganda wana bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi yao, na iko chini mno. Njoo na pasipoti tuulizie kabla hujakata tamaa.

"Mwanangu ana 14 lakini mrefu." Umri wa chini ni 15. Hawapimi kwa urefu.

"Wamefugwa, unafika unapiga picha." Wafuatiliaji huanza asubuhi na mapema pale kundi lilipolala jana, kisha ninyi mnafuata. Yaweza kuwa nusu saa, yaweza kuwa nusu siku, kwenye matope na majani yanayowasha. Mimi siku zote nawaambia wateja wapitie Kariakoo wakanunue glavu nene za bustani. Mnacheka. Halafu mnateleza, mnashika tawi la kwanza lililo karibu, na hapo ndipo kila mtu anaanza kuuliza nani ana glavu za akiba. Chomeka suruali ndani ya soksi, beba koti la mvua hata kama ni Julai, na sweta. Kule hata chini ya mlima ni zaidi ya mita 2,000, si Kigamboni. Sendo ziache nyumbani.